Karuho, mawazo na pilipili: historia ya ugonjwa wa tumbo na kidudu chake

Hapa kwetu Kivu, mutu akileta kibuyu cha kasiksi mbele ya wageni, yeye mwenyewe anakunywa wa kwanza. Anafanya vile hata mbele ya ndugu yake wa tumbo moja. Hakuna anayeuliza sababu, maana kila mutu anaijua: anaonyesha kwamba hakuweka kitu ndani. Majirani wetu wa ng'ambo ya Ruzizi nao wanafanya vile vile. Mugeni ambaye pombe yake haikuonjwa anaweza kuiacha palepale bila kuigusa, na hakuna atakayemuita mutu wa kiburi.

Wengi wameandika juu ya desturi hii kama alama ya heshima. Ni kweli, heshima iko. Lakini nyuma ya heshima kuko woga, na sisi tunataka kusema juu ya woga ule, na juu ya ugonjwa unaouamsha kila siku. Ni ugonjwa wa tumbo la juu. Mutu anakula kidogo tu, anasikia ameshiba. Chini ya kifua panaunguza, gesi inapanda, asubuhi anatapika, nguo zinaanza kumulegea. Munganga anauita gastriti. Jirani anauita karuho.

Kwa wasomaji wetu wa Katanga na wa Kisangani ambao pengine hawajasikia neno hili: karuho ni sumu ya polepole. Haiui siku ile. Inasemwa kwamba mutu anawekewa katika pombe ao katika chakula, kisha inakaa ndani ya tumbo miezi, hata miaka, ikimukula kidogo kidogo. Dalili zake kila mutu anazitaja bila kufikiri: tumbo kuuma, kutapika, kukosa hamu ya chakula, kukohoa, kukonda. (Hiyo ya kukohoa na kukonda, munganga yeyote atakuambia kwamba kwanza inafaa kupima kifua kikuu, lakini tusitoke katika habari yetu.) Mufumu anayejulikana kuitoa ananywesha mugonjwa majani yenye kutapisha, na kile kinachotoka kinaonyeshwa jamaa: «Muone, njo hii ilikuwa mu tumbo!» Tangu dakika ile ugonjwa si ugonjwa tena, ni kesi. Nani alikupa pombe? Siku ya kilio ulikula kwa nani? Jina linapatikana kila mara, na mara nyingi ni jina la mwanamuke: mama mukwe, bibi wa pili, mujane ambaye shamba lake linagusana na la mugonjwa. Mwaka wa 2021 habari za wanawake waliouawa katika vijiji vya Kivu ya Kusini kwa kushitakiwa ulozi zilifika mupaka katika magazeti ya ng'ambo. Na hapa kwetu ulozi na sumu vinalala nyumba moja.

Hatusemi kwamba hakuna mutu aliyewahi kumupa mwenzake sumu. Sumu iko. Tunasema kitu kimoja tu: tumbo lenye kuunguza miaka mitatu si ushahidi juu ya mutu. Ili tuseme hivyo kwa haki, inatupasa kwanza kuangalia namna wanganga wa kizungu wenyewe walivyopotea karibu karne nzima juu ya ugonjwa huu huu. Wasomi wetu wanapenda kucheka wazee wa kijiji. Katika habari hii hawana haki ya kucheka sana.

Kwa wazungu hakukuwa karuho. Kulikuwa asidi na mawazo. Tumbo linatoa maji makali, ndiyo asidi, yenye kuvunja chakula. Mwaka wa 1910 munganga mumoja wa Kroatia, Karl Schwarz, aliandika kwamba pasipo asidi hapana kidonda cha tumbo, na neno lake likakaririwa mu vyuo vikuu sawa katekisimu. Lilibaki swali moja: kwa nini asidi inamukula mutu huyu na si yule? Jibu likawa mawazo. Kazi nyingi, hasira, ndoa mbaya, mukubwa wa kazi mwenye makelele. Kisha pilipili, kahawa, pombe na sigara. Katika Chicago, munganga Bertram Sippy alitangaza mwaka wa 1915 matunzo ya maziwa na krimu kila saa, pamoja na unga wa kuzimisha asidi, na wagonjwa walikunywa vile miaka na miaka. Wale ambao maziwa hayakuwasaidia walipasuliwa. Walikatwa sehemu ya tumbo, ao, tangu Lester Dragstedt alipoanza kufanya hivyo mwaka wa 1943, walikatwa ile mishipa inayoamuru tumbo kutoa asidi.

Kisha mwaka wa 1976 Uingereza ikatoa simetidini, dawa ya kufunga asidi. Ilikuwa dawa ya kweli, na James Black aliyeitafuta alipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1988. Kidonda kilikauka. Mugonjwa akiacha kumeza, mara nyingi kidonda kilirudi, naye akarudi kununua. Kwa kiwanda hiyo haikuwa hasara.

Kwa hiyo munganga wa Ulaya aliyemuambia mugonjwa «acha mawazo», na nyanya yetu aliyesema «unakula pilipili sana», walikuwa wanasema neno moja. Na yule aliyesema karuho hakuwa mbali nao. Wote watatu walitafuta kosa katika maisha ya mugonjwa ao katika roho ya jirani yake. Ndani ya tumbo lenyewe hawakutafuta.

Lakini kidudu kilikuwa kimekwisha kuonekana. Katika mwaka wa 1893, muji wa Torino, Italia, Giulio Bizzozero alichora vidudu vyenye kujipinda sawa parafujo, alivyoviona katika tumbo la mbwa. Mwaka wa 1899, muji wa Krakow, Walery Jaworski aliona vya namna hiyo katika maji ya tumbo la watu, na alifikiri kwamba labda vina sehemu katika ugonjwa. Kitabu chake aliandika katika Kipolandi, na nani katika Paris ao Berlin alisoma Kipolandi? Sisi wenye kuandika katika Kiswahili cha Kongo tunaelewa taabu yake. Wengine walikuja nyuma yao, wakaona, wakabishana: je, vidudu hivi vinaishi mule, ao vimeshuka tu kutoka kinywani? Mwaka wa 1954, Mumarekani Eddy Palmer alitaka kumaliza ubishi. Alichunguza vipande vya tumbo kutoka kwa watu 1,180, na hakuona kidudu hata kimoja. Rangi aliyotumia kupaka vipande vile haikuwa ile yenye kuonyesha vidudu hivi vizuri. Lakini 1,180 ni hesabu kubwa, na hesabu kubwa inafunga kinywa. Tangu siku ile ikawa neno lisilobishaniwa kwamba katika asidi ya tumbo hakuna kitu kinachoweza kuishi.

Kuko mumoja ambaye hatupendi kumupita haraka. Katika muji mudogo wa Missolonghi, Ugiriki, munganga John Lykoudis aliugua tumbo mwaka wa 1958, akajitibu kwa antibiotiki, akapona. Akaanza kuwapa wagonjwa wake vile vile, mupaka wakawa maelfu. Aliandikia magazeti ya wanganga, wakakataa. Alipeleka dawa yake kwa wakubwa wa serkali, wakakataa. Mwaka wa 1968 baraza la nidhamu lilimulipisha faini ya drakma 4,000. Alikufa mwaka wa 1980, bila kujua kwamba mwaka mumoja mbele, mbali sana na Ugiriki, mutu mwingine alikuwa amekwisha kuona kile yeye alichokisadiki bila kukiona.

Mutu huyo ni Robin Warren, mupimaji wa vipande vya mwili katika hospitali kubwa ya Perth, upande wa mangaribi wa Australia. Kazi yake ilikuwa kukaa na mikroskopi. Mwezi wa 6 wa mwaka wa 1979 aliona, juu ya kipande cha tumbo lenye gastriti kali, kama mustari wa buluu. Akapaka rangi ya fedha, na vidudu vikajitokeza kwa wingi. Wenzake hawakuamini kitu. Yeye akaendelea kuhesabu, na akaona jambo moja linarudi: palipo vidudu, ngozi ya ndani ya tumbo imevimba na imejaa askari wa damu, pasipo vidudu, mara nyingi ngozi iko muzuri. Miaka miwili alikuwa karibu peke yake katika kazi ile. Mwaka wa 1981 akaja Barry Marshall, munganga kijana wa miaka 30 mwenye kutafuta kazi ya uchunguzi, na wakaungana.

Mwaka wa 1982 walichukua wagonjwa 100 waliokuja kuchunguzwa tumbo kwa ile mashine ya kamera tunayoiita fibroskopi. Wakatoa kipande kwa kila mumoja. Kuona vidudu haikutosha, ilipasa kuvikuza katika labo, na vilikataa kukua. Mugonjwa wa kwanza, wa kumi, wa thelathini, hakuna kitu. Watu wa labo walikuwa wanatupa sahani kisha siku 2, kwa maana vidudu vya kawaida vinakua kwa siku 2. Pasaka ikafika. Labo ilikuwa na kazi nyingi, kisha watu wakaenda siku kuu, na sahani zikasahauliwa ndani ya kifaa cha joto kwa siku 5 hivi. Waliporudi wakakuta kidudu kimekua. Kilikuwa kinahitaji muda tu! Mara nyingi tunasikia kwamba sayansi ni akili. Hapa ilikuwa likizo ya Pasaka.

Hesabu yao ilitoka katika gazeti la wanganga la Uingereza, The Lancet, mwaka wa 1984. Kati ya watu 100, 58 walikuwa na vidudu. Wale 13 waliokuwa na kidonda katika utumbo wa kwanza, unaoanza pale tumbo linapoishia, wote walikuwa navyo. Wakubwa wa elimu ya tumbo wakasema: labda kidudu kinakuja tu kukaa juu ya ngozi iliyokwisha kuharibika, sawa nzi juu ya kidonda. Lilikuwa jibu la akili, tusiwalaumu. Ili kulishinda ilipasa kupata kiumbe chenye tumbo zima, kukipatia kidudu, na kuona kama kitaugua. Marshall alijaribu nguruwe wadogo, wakakataa kuugua. Basi katikati ya mwaka wa 1984 alichunguzwa tumbo lake mwenyewe, likaonekana safi. Kisha akachanganya sahani ya vidudu katika kikombe, akakunywa.

Siku ya 5 ilipofika alianza kujisikia vibaya. Alisikia ameshiba bila kula, asubuhi akatapika, na watu wa nyumba yake wakaona kinywa chake kinanuka. Siku ya 10 wakamuchunguza tena: tumbo limevimba, askari wa damu wamejaa, vidudu vimejishika juu ya ngozi. Bibi yake Adrienne, aliyeambiwa kisha mambo kwisha kufanyika, akamulazimisha kutibiwa, na akapona. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1985.

Wengi wanasimulia kwamba Marshall alijipatia kidonda cha tumbo. Sivyo. Alipata gastriti, na pamoja nayo zile taabu za chakula kukataa kushuka. Wasomaji wa Kivu wazisome tena taabu zake moja moja: kushiba bila kula, kutapika asubuhi, kukosa hamu. Kama angekuwa kijana wa Kabare, kesho yake kungekuwa mukutano wa jamaa. Na huyu kweli alikunywa kitu katika kikombe. Aliyemuwekea ni yeye mwenyewe.

Mengine tutayasema haraka. Mwaka wa 1989 kidudu kilipewa jina lake la leo, Helicobacter pylori. Mwaka wa 1994 mukutano wa wanganga katika Marekani ulisema kwamba mwenye kidonda na kidudu hiki apewe antibiotiki, na mwaka ule ule ofisi ya Lyon ya Umoja wa Mataifa yenye kuchunguza kansa ikakiweka katika fungu la vitu vinavyoleta kansa. Mwaka wa 2005 Warren na Marshall walipewa zawadi ya Nobel.

Kidudu kinafanya namna gani kuishi katika asidi? Kiko na dawa yake. Kinatoa kitu kinachovunja urea, ile tunayotoa katika mikojo, na kuigeuza kuwa amoniaki, ambayo inazimisha asidi pembeni yake. Ni kama kinatembea ndani ya wingu lake. Kwa mikia yake kinapenya ute ule unaofunika ngozi ya tumbo, kinajificha chini yake. Mwili unatuma askari wa damu. Hawakifikii vizuri, lakini hawarudi nyuma. Vita ile ndiyo gastriti, na pasipo dawa inaendelea karibu maisha yote. Kwa wengine, kisha miaka mingi, ngozi inachakaa. Kwa wengine inatoboka, ndiyo kidonda.

Hapa inatupasa kuenda polepole, maana njo fasi watu wanakosea sana, hata katika farmasi. Kuwa na kidudu na kuumwa tumbo si jambo moja. Wachunguzi waliokusanya hesabu za dunia nzima walikadiria kwamba mwaka wa 2015 watu karibu miliari 4.4 walikuwa nacho, na katika Afrika watu 70 hivi katika 100. Karibu wote walio nacho wako na gastriti ukiangalia kwa mikroskopi, lakini wengi wao hawasikii kitu, wanakula bugali na sombe yao kwa amani mupaka uzee. Kidonda kinawapata labda 10 katika 100, ao zaidi kidogo. Kwa hiyo, ukimupima mutu mwenye kuumwa tumbo na ukakuta kidudu, umekuta kitu ambacho ungekikuta pia kwa jirani yake muzima.

Na wale wenye kuumwa miaka mingi, ambao fibroskopi haikuonyesha kidonda? Ukiwapa dawa ya kuua kidudu, majaribio yanaonyesha kwamba katika watu 14 hivi waliotibiwa, ni mumoja anayepona kwa sababu ya dawa ile. Wengine wanapona bila hiyo, ao hawaponi. Mumoja katika 14 ni kidogo. Lakini dawa inachukua wiki mbili tu, na inapunguza pia hatari ya kidonda na ya kansa. Ndiyo maana mapatano ya wanganga yaliyochapishwa mwaka wa 2015, kisha mukutano wao wa Kyoto, Japani, yalisema kwamba gastriti ya kidudu hiki ni ugonjwa wa kuambukiza hata kama mutu hasikii kitu. Juu ya taabu za tumbo, yalisema kwamba tutajua zilitoka kwa kidudu ikiwa zimekwisha kwa muda murefu kisha kidudu kuuawa. Waliobaki watafutiwe sababu ingine: vidonge vya maumivu kama diklofenaki na aspirini ambavyo watu wetu wanameza sawa karanga, pombe kali ya kanyanga, na kwa kweli mawazo pia, maana tumbo na kichwa vinasikilizana. Mawazo yamerudi kwa mulango wa nyuma, lakini si mukubwa wa nyumba tena.

Jambo hili linatusaidia pia kuelewa kwa nini mufumu wa karuho ana jina. Taabu za tumbo zisizo na kidonda zinakuja na kuenda. Hata katika majaribio ya wanganga, wengi waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani walisema wamepata nafuu. Mutu aliyetapishwa, aliyelala, ambaye jamaa nzima ilimuzunguka, naye anaweza kupata nafuu wiki ile. Tunakubali nafuu yake. Hatukubali jina la mujane linalotajwa pamoja nayo.

Sasa tufike pale ambapo historia ya kidudu inakuwa historia yetu. Wachunguzi wamelinganisha jeni za vidudu vilivyotolewa katika matumbo ya watu wa mabara yote. Mwaka wa 2003 walionyesha kwamba kidudu kiko na makabila yake, na makabila yale yanafuata safari za watu. Mwaka wa 2007 wengine walionyesha kwamba kadiri unavyotoka mbali na Afrika ya mashariki, tofauti kati ya kidudu na kidudu zinapungua, sawa vile zinavyopungua kati ya mutu na mutu. Maana yake, watu walipotoka Afrika, miaka 58,000 hivi iliyopita kwa hesabu yao, kidudu kilikuwa tayari ndani ya matumbo yao. Hesabu ya mwaka wa 2012 inasema kimekaa na sisi angalau miaka karibu 100,000. Yule mutu wa kale aliyekutwa katika barafu ya milima ya Alpi mwaka wa 1991, aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita, naye alikuwa nacho; hiyo ilijulikana mwaka wa 2016.

Kabila moja la kidudu linafuata njia ya wababu zetu Wabantu, kutoka mangaribi mupaka kusini ya bara hili. Kabila lile lile linakutwa katika Amerika, kwa wajukuu wa watu waliouzwa utumwani. Hawakuruhusiwa kubeba kitu katika meli, lakini hicho walikibeba. Katika Kamerun, uchunguzi wa mwaka wa 2013 kwa Mbilikimo wa kabila la Baka ulionyesha kwamba walio nacho ni mumoja katika watano hivi, lakini kwa majirani wao wakulima ni wanne katika watano. Tena vidudu vya Baka ni vya kabila la vidudu vya majirani wao. Ni Wabantu waliowaambukiza, si zamani sana. Sisi ambao mara nyingi tunawasemea Mbilikimo kwamba ni wao wachafu, tulisome jambo hilo vizuri. Hata simba na duma wako na kidudu ndugu ya hiki, na jeni zinaonyesha kwamba kilitoka kwa mutu kikaingia kwa munyama, hapana kinyume. Waliochapisha habari hiyo mwaka wa 2006 walifikiri simba wa kale alikula mutu mwenye gastriti.

Namna gani kinapita kutoka kwa mutu mupaka kwa mutu? Kwa kinywa, kwa matapishi, kwa mikono na maji yaliyoguswa na choo. Njia zote hazijulikani sawasawa. Lakini wakati wake unajulikana: ni utoto. Wengi wanakipata katika miaka ya kwanza, ndani ya nyumba, na mara nyingi kwa mama. Desturi ya kumutafunia mutoto chakula kabla ya kumupa, iliyoko fasi nyingi za Afrika, wachunguzi wameitaja kati ya njia zinazowezekana. Kwa watu wakubwa, kuambukizwa upya si jambo la kila siku.

Hii njo sababu tumeandika. Mwanaume wa miaka 40 anayekutwa na kidudu leo, karibu hakika alikuwa nacho alipokuwa bado anabebwa mugongoni. Hakukipata mu kibuyu cha mwezi wa 12, wala mu sahani ya kilio. Kwa hiyo ile hesabu yote ya nani alimupa nini inaanguka. Na tusiigeuze sasa kuwa kesi mupya juu ya mama yake. Mama naye alikipata kwa mama yake, na huyu kwa wake, kwa muda wa miaka 100,000.

Wazee wawili wa chama chetu, tulipowasomea kurasa hizi, waliuliza: kama ni urizi wa wababu, kwa nini tukiue? Swali si la mchezo. Munganga Martin Blaser wa Marekani ameandika miaka mingi kwamba kidudu hiki labda kinatukinga na magonjwa fulani, kama pumu kwa watoto. Tena Holcombe, aliyefanya kazi Nigeria, alionyesha mwaka wa 1992 kwamba Afrika iko na kidudu kwa wingi lakini kansa ya tumbo haionekani kwa wingi ule uliongojewa. Wengine wanajibu kwamba kansa ile haihesabiwi vizuri kwetu kwa kukosa fibroskopi. Hakuna anayesema kila mutu muzima wa Kongo atafutwe na kutibiwa. Lakini mwenye kidonda atibiwe, bila kubishana.

Atibiwe vizuri, maana hapa kwetu antibiotiki zinauzwa moja moja juu ya meza ya soko. Dawa za kidudu hiki ni antibiotiki mbili, pamoja na omeprazoli ao ndugu yake ya kufunga asidi, mara nyingi na bismuti pia, kwa siku 10 mupaka 14 bila kuruka hata moja. Mutu aliyemeza Flagyl kwa kila amibe, ya kweli na ya kudhani, amekwisha kufundisha kidudu chake kuvumilia dawa ile, kwa hiyo amuambie munganga dawa zote alizomeza. Kupima damu tu hakutoshi, sababu alama katika damu zinabaki muda murefu hata kidudu kikikufa. Kupima choo ao pumzi ni bora, na kupima tena kunafanywa wiki 4 ao zaidi kisha kumaliza dawa. Juu ya mubirizi na majani mengine machungu ya wazee wetu, hatuna neno la kuyakataza yakinywewa kidogo kwa tumbo lenye kujaa. Juu ya majani ya kutapisha tuko nalo: tumbo lenye kidonda, likikazwa kwa nguvu vile, linaweza kutoka damu ao kutoboka.

Na mutu ambaye choo chake kimekuwa cheusi sawa lami, ao ametapika damu, ao tumbo limekuwa gumu ghafula kwa maumivu makali, huyo asingojeshwe kwa mufumu wala kwa mukutano wa jamaa. Anabebwa hospitali siku ile ile, hata kwa motari, hata usiku.